Kanda za Adhana

Wakala wa Nairobi aliponipeleka Riyadh mwaka 2013, karatasi yangu ilisema: dereva, lugha Kiingereza. Kifaransa hakikuandikwa. Nilikuwa nimekisoma miaka mitatu katika madarasa ya jioni, baada ya zamu yangu ya ulinzi, na cheti ninacho mpaka leo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuona haja ya kujitangaza.

Nilimwendesha Bwana Murad, Mtunisia aliyekuwa akitengeneza filamu ya historia ya kituo kidogo cha televisheni cha Kifaransa. Kituo kilianza Jeddah mwaka 1984, kwa ajili ya mahujaji wa Afrika Magharibi na mafundi wa kigeni wa pwani ile, kisha kikahamia Riyadh. Mwaka 2014 kilikuwa kinatimiza miaka thelathini. Kila kitu cha filamu kilikuwa kimepatikana, isipokuwa matangazo ya siku ya kwanza.

Tuliondoka Riyadh alfajiri kwenda kuyatafuta katika ghala la zamani, mtaa wa Al-Hamra, Jeddah. Tulipopita Taif, mkurugenzi wa kituo akampigia Murad simu. Murad alijibu kwa Kifaransa, bila kushusha sauti, mimi nikiwa ubavuni pake.

"Kama kanda haipo, filamu itasema mtunza ghala aliifuta," alisema. Akasikiliza. "Ndiyo, yule Mzanzibari. Ikama yake inaisha mwezi ujao. Msimpe nyingine. Arudi kwao."

Mtunza ghala aliitwa Hilal. Wazazi wake walimleta Jeddah mwaka 1964, akiwa na miaka kumi, lakini kafili wake, mdhamini wa ikama yake, alikuwa kituo, na bila kituo hakuwa na ruhusa ya kukaa nchini. Alitupokea kwa kahawa. Nilipomsalimu kwa Kiswahili na kumtajia jina langu, Absalom, akacheka.

"Mkenya! Kiswahili chenu kimekauka kama mkate wa juzi."

"Kimekauka, lakini kinashibisha."

"Haya, karibu ndugu yangu."

Murad alipekua rafu alasiri nzima. Zamani kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo taarifa ya Alhamisi ilirekodiwa juu ya ile ya Jumatatu na kuifuta, nayo ya Alhamisi ikafutwa vilevile. Kwenye rafu ya chini zilipangwa kanda sita zilizoandikwa "Adhana", zile zilizorushwa matangazo yaliposimama kwa sala. Murad alizitazama, akazipita. Kisha akatoka kuvuta sigara.

Nilimweleza Hilal yote niliyoyasikia njiani.

"Umeyajuaje?"

"Walisema kwa Kifaransa. Nilikisoma."

"Dereva, tena Mkenya! Mimi miaka thelathini hapa najua bonjuu tu." Kisha kicheko kikamwisha. "Nirudi wapi, Absalom? Unguja hakuna hata mtu wa kunifungulia mlango."

"Uliifuta kweli?"

Akachuchumaa kwenye rafu ya chini, akatoa kanda moja.

"Kila kanda humu ilifutwa, isipokuwa hizi. Nani angethubutu kufuta adhana? Kanda ni ya saa nzima, adhana dakika nne. Siku ile ya kwanza nilijua wiki ijayo watayafuta matangazo. Nikayarekodi humu, nyuma ya adhana."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nimemweka mwanamke wa habari za hali ya hewa kwenye kanda ya adhana? Meneja wa wakati ule angenifukuza siku hiyohiyo. Miaka ikapita, nikaona haya kuanza."

"Ukinyamaza, unaondoka," nikamwambia. "Ukisema, huenda ukaondoka. Mimi ningesema."

Murad aliporudi, Hilal akayasema yote kwa Kiarabu, taratibu, bila kujitetea. Nilikuwa na Kiarabu cha kutosha kufuata.

"Umerekodi juu ya adhana?" Murad aliuliza.

"Nyuma yake, bosi! Ningerekodi juu yake, mama yangu angenikata mkono."

Mashine ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Adhana ilipokuwa ikilia wote wawili walisimama kimya, nami nikasimama. Picha ikawa nyeusi, ikachezacheza, kisha akatokea msichana mwenye miwani mikubwa. Aliwapa watazamaji hali ya hewa ya jioni, pwani nzima kuanzia Yanbu hadi Jizan, akaomba radhi kwa ubovu wa sauti ya matangazo. Murad alikaa sakafuni mpaka dakika ishirini na mbili zikaisha.

Akampigia mkurugenzi. Alipokuwa akisema, nikaanza kumtafsiria Hilal kwa sauti, sentensi baada ya sentensi.

Murad akaondoa simu sikioni. "Absalom! Unajua Kifaransa? Tangu lini?"

"Tangu Nairobi, bosi."

Niliona wazi kwamba amekumbuka barabara ya Taif. Uso ukamwiva. Akairudisha simu sikioni.

"Anasema nini?" Hilal akauliza.

"Anasema ikama yako ishughulikiwe leo. Na jina lako liandikwe kwenye filamu: ndiye aliyeihifadhi kanda."

Hilal aliirudisha kanda kwenye kasha lake. Murad aliponyoosha mkono kuichukua, Hilal akamsogezea daftari la ghala na kalamu.

"Weka sahihi kwanza," akasema.

Murad akaweka sahihi.