Shimo Ndani ya Pikapu ya Dolphine

Hapa Otonglo injini haichunguzwi kimyakimya. Ni kama upasuaji wa maiti: sharti jamaa wawepo, majirani wawepo, na mtu mmoja asiyehusika kabisa aje kusema kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Kwa hiyo asubuhi ile Dolphine alipoingiza pikapu yake, samaki wakiwa nyuma, kwa fundi Laban, ikikohoa na kurukaruka kama mbuzi aliyeonja pilipili, viti vya hoteli ya Mama Nakhungu vilijaa kabla chai haijachemka. Hoteli iko mkabala na gereji, na Mama Nakhungu mwenyewe husema hiyo gereji ndiyo inayomletea wateja, si mandazi.

Pikapu hiyo ndiyo iliyomletea Dolphine samaki kutoka Asembo Bay. Bila pikapu hakuna samaki, na bila samaki hakuna Dolphine sokoni. Alilijua hilo. Shemeji yake Ooko alilijua pia, ndiyo maana alikuja na pikapu yake mwenyewe na kamba ya kuivuta hii.

"Shemeji, mimi nakuonea huruma tu," Ooko alisema, akiinama kufunga kamba kwenye bampa hata kabla salamu hazijaisha. "Injini imekufa. Niuzie mzoga nikuondolee aibu ya barabarani."

"Nani amesema imekufa?"

"Kila mtu."

Hapo hakusema uongo. Mafundi wa stejini walikuwa wameisikiliza injini hiyo wakiwa ng'ambo ya barabara, mikono mifukoni, wakasema pistoni zimetoboka.

Lakini Laban alikuwa na kitu kipya: waya mrefu, mwembamba kuliko kalamu, wenye kamera na vitaa vidogo kichwani. Aliuagiza mtandaoni kwa bei ya jogoo. Unatoa plagi, unaupitisha waya kwenye tundu lake, na silinda unaiona kwa ndani bila kuifumua injini. Picha inakuja kwenye simu.

"Kwenye simu utaona peke yako," Mama Nakhungu akalalamika. "Na sisi tumeacha kazi!"

Basi televisheni ya hoteli ikatolewa nje, ikawekwa juu ya kreti za soda, simu ikaunganishwa. Laban akatoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Hakuna aliyezitazama. Watu walikuwa wanagombania viti.

Picha ilikuja na ukungu. Laban akatafuta kitambaa, lakini vyake vyote vilijaa grisi. Dolphine akamnyooshea pindo la leso aliyojifunga kiunoni. Laban akapangusa kichwa cha kamera, akakizamisha kwenye silinda ya kwanza.

Giza. Kisha ukuta wa chuma. Kisha pistoni, nyeusi, duara, kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Na pembeni yake, shimo jeupe linalong'aa.

"Yawa!" hoteli nzima ikalia.

"Si niliwaambia?" Ooko akaruka. "Mwanga unatokea upande wa pili!"

"Hapo unapitisha ndizi," akasema Mzee Wasike, aliyekuwa ametumwa na mkewe kununua chumvi tangu jana.

Silinda ya pili: shimo. Ya tatu: shimo. Ya nne, shimo.

"Na yote mahali pamoja," Laban akasema, akijikuna kichwa.

"Ni ugonjwa wa ukoo," Mzee Wasike akaeleza.

"Lakini imenileta hapa kutoka Asembo," Dolphine alisema.

"Hata mgonjwa wa moyo hutembea, shemeji, mpaka siku yenyewe."

Akina mama wawili wakamshika Dolphine mabega. Mmoja akaanza wimbo wa kanisani, ule wa kumsindikiza marehemu. Dolphine akaitazama pikapu, akatoa ufunguo.

"Haya, Ooko. Chukua."

Ooko akanyoosha mkono haraka. Wakati huo huo Laban akauchomoa waya na kuutupia begani, kamera ingali inawaka. Kwenye televisheni tukaona boneti, tukaona mawingu, halafu tukamwona Ooko mwenyewe, kiganja wazi, meno nje. Na katikati ya paji la uso wake, shimo jeupe linalong'aa.

Shingo zote zikamgeukia Ooko.

"Pole sana, Ooko," akasema Mzee Wasike. "Kumbe na wewe umetoboka."

Laban akamgeuzia kamera Mama Nakhungu: shimo shavuni. Akaligeuzia birika: shimo.

"Birika langu jipya!" Mama Nakhungu akapiga kelele.

Dolphine akakinyakua kichwa cha kamera, akakikwaruza kwa ukucha. Kikatoka kipande cha gamba la samaki, la ngege.

"Gamba! Gamba la leso yangu!"

Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika mguu. Dolphine alirudisha ufunguo kifuani, ndani kabisa, mahali ambapo shemeji hafiki.

Kamera ikaoshwa, safari hii kwa maji, ikarudi kazini. Pistoni zote zilikuwa nzima. Mikwaruzo ya uzee ilikuwapo, ila pistoni ya tatu ilikuwa imelowa petroli.

"Hii haiwaki," Laban akasema. "Inakunywa tu, kazi haifanyi."

"Mtu wa hivyo namjua," akasema Mama Nakhungu, akimtazama Mzee Wasike.

Laban akaokota plagi ya tatu pale kwenye gazeti. Kauri yake ilikuwa imepasuka, wazi, hata mtoto angeona.

"Plagi?" Dolphine akashika kiuno. "Mmeniimbia wimbo wa mazishi kwa sababu ya plagi?"

Yule mama wa wimbo akajifanya anatafuta kiatu. Plagi mpya ikafungwa, injini ikaguruma laini.

"Sasa lete yako, Ooko," Mama Nakhungu akamwambia. "Kamera ipo, watu wapo."

"Yangu nzima. Halafu nina haraka, kuna mazishi Pap Onditi."

"Ya nani?"

"Nitajua nikifika."

"Basi sogea, shemeji," Dolphine akasema akitia gia. "Umesimama mbele ya gari, na samaki wangu wako juani."