Binti Yangu Hajaolewa

Wewe mama mwenye binti anayetaka kumfuata mumewe nje, nakuandikia wewe. Simu ikilia ukaulizwa swali, jibu kwa ukweli. Hata kama jirani anasikia. Hata kama anayesikia ni adui yako. Yaliyonipata nitayasema kama yalivyokuwa, chumvi sitaongeza.

Nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yakitoka kwenye mashine ya kukaushia tunayakunja wawili wawili, huyu pembe mbili na huyu pembe mbili, tunavuta, tunakutana katikati. Mwenzangu kwa miaka tisa ni mwanamke tunayemwita Redio. Sina haja ya kueleza kwa nini. Yeye ananiita Kufuli.

Binti yangu ni mmoja tu. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na chuo cha ufundi, na mkwe wangu alikuwa mwalimu mgeni hapo chuoni, mkataba wa miaka miwili. Kila Ijumaa alileta mitihani ya kutolewa nakala. Mitihani ikaisha, yeye akaendelea kuja na karatasi moja moja.

Kabla ya huyo alikuwepo mwingine, wa hapa hapa. Kadi za harusi tuligawa, zikabaki wiki tatu, bwana harusi akatoweka. Mwaka mzima nilikuwa naulizwa njiani, "Harusi lini?" na anayeuliza anajua fika. Ndiyo maana huyu wa pili alipokuja nilitoa sharti moja.

"Oaneni," nikawaambia, "ila kimya kimya. Sherehe tutafanya viza ikishatoka. Jambo halitangazwi kabla halijatimia, watu wana macho."

Wakafunga kwa msajili, Jumanne asubuhi. Tulikuwa watu watano: wao wawili, mimi, kaka yangu, na mwenye duka la fotokopi. Picha zilipigwa sita. Pete yake binti yangu aliitia kwenye mkufu akaivaa shingoni, ndani ya blauzi.

"Kwani tumeiba?" mkwe aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kupasua kuni. Tukacheka wote, hata msajili.

Mkataba ukaisha, mkwe akarudi kwao, wakaanza kuomba viza ya binti yangu kumfuata. Karatasi ndiyo kazi ya binti yangu, kwa hiyo faili lilipangwa likapangika: cheti, barua, tiketi, ujumbe wa simu umechapwa ukurasa kwa ukurasa. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya namba ya simu ya mzazi. Akaandika yangu.

"Mama, wanaweza kukupigia."

"Wapige."

Siwezi kusema hakuniambia.

Walipiga Jumatano, saa nne asubuhi. Tulikuwa katikati ya shuka. Nikaibana simu kwa bega, mikono yote imeshika pembe.

"Habari za kazi, mama. Napiga kutoka ofisi ya viza." Kiswahili kimenyooka. Akataja jina la binti yangu, la babake na la babu yake. "Wewe ni mama yake mzazi?"

"Ndiye mimi."

"Binti yako ameolewa?"

Nilisikia vizuri, sitasingizia mashine. Lakini Redio alikuwa ameacha kuvuta. Alikuwa amesimama upande wa pili wa shuka, kichwa kimeinama kidogo kama kuku aliyeona punje.

"Binti yangu hajaolewa," nikasema. "Hana hata mchumba."

"Una uhakika, mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Asante sana. Kazi njema."

Redio akavuta shuka. "Nani huyo anataka kuoa?"

"Watu wa simu."

"Haa! Watu wa simu nao siku hizi wanatafuta wake!" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka.

Mchana nilitoka nje nikaipiga ile namba. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaongea sauti ya kurekodiwa, lugha siijui. Nikajiambia nitamweleza binti jioni. Jioni alikuwa na furaha, anaimba jikoni, nikasema kesho. Kesho yake sikusema. Baada ya siku tano nikaanza kuamini kwamba ile simu haikuwa na uzito wowote.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Alilisoma mezani, kwenye simu yake, ananitafsiria kipengele kwa kipengele. Viza imekataliwa. Ndoa haiaminiki kuwa ya kweli. Kwamba watu waliohudhuria ni wachache mno, kwamba picha zote ni za siku moja na gauni moja, kwamba hakukuwa na sherehe. Akafika kipengele cha nne. Akakirudia kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Wanasema waliongea na mama wa mwombaji. Wanasema mama alisema mwanawe hajaolewa na hana mchumba."

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

"Mama. Kuna mtu alikupigia?"

"Nilikuwa na Redio pale," nikasema. "Alikuwa anasikia."

Nilingoja apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alisema, "Sawa," akainuka, akaenda kuanua nguo, akazikunja moja moja akazipanga kitandani, zangu huku, zake kule.

Mkwe alipiga siku hiyo hiyo, kwa video, akaomba aongee nami. Uso wake ulikuwa mdogo kwenye kioo cha simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, mimi si mume?"

Nikasema ni mume. Akangoja niendelee. Mdomo ulikuwa kama umechomwa sindano ya jino, naugusa siusikii.

Keshoye nikaenda kazini nikaamua yaishe. Nikamsubiri Redio akamate pembe zake. Nikamwambia, "Binti yangu ameolewa. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu aolewe."

"Na yule mwalimu mgeni," akasema. "Najua."

"Umejuaje?"

"Shoga, anainama dukani kuokota karatasi, pete inaning'inia kama kengele. Nani hajui? Mwenye duka alifunga duka Jumanne saa tatu, kavaa koti, kwani alikuwa anaenda kukagua mitaro? Mtaa mzima unajua."

"Mbona hamkusema?"

"Tulikuona hutaki. Tukakustahi." Akavuta shuka. "Hata mimi, Kufuli. Ilinitoa jasho, lakini nilikustahi."

Sikulia. Tulikunja mashuka mia na kitu siku hiyo.

Waliomba upya. Safari hii mwenye duka aliandika barua, kaka yangu akaandika, mtaa ukafanya sherehe ya kuchelewa, mkwe akaja wiki mbili, picha zikapigwa mpaka za watoto wa jirani wanagombea soda. Nami niliandika barua ya kukiri. Niliitwa ofisini kwao, nikasimama mbele ya dirisha la kioo. Kijana wa ndani alikuwa na barua yangu mkononi.

"Mama, hapa unasema ameolewa. Kwenye simu ulisema hajaolewa. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule."

"Tutajuaje?"

Nikafikiri. Nikasema, "Hamtajua." Akaandika.

Fomu hiyo mpya binti yangu alikuwa ameijazia mezani, mimi nimekaa pembeni. Alipofika kwenye nafasi ya mtu wa karibu wa kupigiwa simu, aliandika namba ya Redio. Hakuificha kwa mkono, wala hakuniangalia. Nikaisoma tarakimu kwa tarakimu. Nikamwuliza kama anataka chai.

Walimpigia Redio mwezi wa pili tangu fomu ipelekwe. Aliongea nao dakika arobaini, katembea na simu kutoka mashine ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi. Aliwaambia yote: pete, koti la mwenye duka, karatasi moja moja za Ijumaa, hata yule bwana harusi aliyetoweka. Nilisikia kila neno. Shuka nilikuwa nimelishika peke yangu, nusu yake iko sakafuni.

Viza ilitoka. Redio ndiye aliyeniambia, asubuhi, huku anavaa aproni. Alidhani nimeshajua. Alipoona uso wangu akasema, "Labda alikuwa anakungoja upumzike jana." Nikasema labda.

Binti yangu alisafiri siku ya Jumapili. Alinikumbatia vizuri, kwa mikono miwili, akanirekebishia kola. Nikamwuliza wataishi wapi kwanza, kwa wakwe au kwao wenyewe, na kazi ataanza lini.

"Nitakuambia, mama," akasema. "Yakishakuwa tayari."