Robine ya Modeste

Mume wangu Modeste alikufa kabla robine yake haijatoa maji. Mwaka mzima alikuwa akiwaambia majirani zetu wa Rugenge, "Muvumilie, mradi utaunganisha." Ulikuwa mradi wa kuunganisha maji, umeme na chakula. Walichimba kisima uani kwetu, wakaweka pompe ya umeme na robine inayong'aa. Modeste akapanda mboga za lengalenga pembeni, kwa kuwa chakula nacho kilitakiwa kiwepo. Walimfanya msimamizi na kumpa kofia.

Siku ya mazishi nilikuwa na ombi moja tu: maji yatoke kabla jeneza halijatoka uani, mume wangu asizikwe na jina la mwongo.

Viongozi wa mradi walifika asubuhi, Bwana Bruno mbele, wakuu wa ofisi zake tatu nyuma. Niliwaambia ombi langu.

"Pole sana, Mama Ushindi," mkuu wa maji alisema. "Maji iko, tele, hapo chini. Umeme ndiyo haiko."

Mkuu wa umeme alikunja miguu. "Waya iko. Lakini tunawasha penye mavuno. Mutuonyeshe mavuno."

"Mavuno itatoka wapi bila maji?" mkuu wa chakula aliuliza, akitazama lengalenga zilizonyauka.

Bwana Bruno alifurahi. "Munaona? Vitu vyote vitatu vimeungana kabisa."

Wakati huo jirani yangu Marie-Jeanne alikuwa ameshaleta bido zilizojaa maji ya ziwa. Mwingine alileta makala ya kupikia, mwingine samaki wadogo wa ndagala. Hakuna aliyeitwa. Fufu ikasongwa, na ofisi tatu zikala sahani moja kwa mara ya kwanza.

"Haya makala yanamaliza miti," mkuu wa umeme alisema, mdomo umejaa.

"Basi rudisha fufu, tukupikie na ile waya yako," Marie-Jeanne alimjibu.

Mkuu wa umeme alijiongezea ndagala.

Baada ya kula waliteremsha jenereta kutoka kwenye gari lao. Moyo wangu ukaruka.

"Ni ya kipaza sauti, Mama," Bwana Bruno alinieleza. "Nina hotuba ya kumuaga marehemu."

"Na pompe, Shefu? Haiwezi kufungwa hapo hata kidogo?"

"Hii iko jenereta ya ofisi ya matangazo. Haimo kwenye maji, wala kwenye umeme, wala kwenye chakula."

Akasimama mbele ya jeneza. "Marehemu Modeste alikuwa kiungo..." Sauti ikakatika, ingawa jenereta iliendelea kunguruma. Shalom, anayechaji simu za watu kando ya barabara, alikuwa amechuchumaa penye jenereta, akifunga waya wa pompe.

Robine ilikohoa, ikatema kutu, kisha maji.

Watu waliacha viti. Walikuja na beseni, na sufuria, na bido. Shemasi aliweka Biblia kwenye kiti akachukua ndoo. Dereva wa mradi naye alikuwa kwenye foleni. Bwana Bruno hakuacha kuhutubia, ila tuliona midomo tu.

Marie-Jeanne aliinamia jeneza. "Shemeji, inatoka," alisema polepole. "Ulisema kweli."

Hapo ndipo nilipolia.

Mafuta yaliisha upesi. Maji yaliyobaki kwenye beseni langu niliyamwaga kwenye lengalenga, kisha tukambeba Modeste tukaenda kumzika.

Mvua za wiki zile zilifanya kazi iliyobaki kwenye lengalenga. Siku ya kumaliza matanga mkuu wa umeme alirudi na kamera.

"Mama Ushindi, nimesikia munayo mavuno. Nipige picha, halafu tuwashe."

"Umechelewa, baba. Tumezila mchana huu."

Alitazama sufuria tupu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Basi tusubiri ziote tena."

Nikaingia ndani nikamletea kofia ya Modeste. Aliuliza ni ya nini.

"Ya kusubiria," nilimwambia. "Jua iko kali."