Mikono ya Elkana

Tangu Elkana azikwe ubavuni mwa nyumba yao kule Ndhiwa, mkewe Jedidah hakuwa na ngozi, alikuwa na kiota cha siafu. Viganja, nyayo, mgongo, vyote viliwasha kila jioni, saa ileile marehemu aliyokuwa akirudi kutoka kazi yake ya kubadilisha pesa mpakani Isebania. Akajikuna kwa kucha, kucha zikachoka, akachukua gunzi la mahindi.

"Ni yeye," alisema Celestine, dada ya marehemu. "Mjane gani anazika mume macho makavu kama omena wa kuanikwa? Hiyo ni laana ya chira, wifi. Mwiko umevunja. Anadai machozi yake."

Jedidah akacheka. Kisha akageuka kutazama nyuma yake.

Daktari wa Homa Bay hakumtaja marehemu. Alisema ini linaugua, nyongo haipiti vizuri, inabaki mwilini na kuwasha. Dawa ya kwanza, unga wa kukoroga kwenye maji, ilishindwa. Akampa vidonge vyekundu na kumwamuru arudi kupimwa damu, maana navyo huweza kulisumbua ini.

Celestine alipoviona akaruka. "Si hivi ni vya TB? Unataka tukohoe ukoo mzima?"

"Hata kuwashwa vinatuliza. Kaa hapo, hutakohoa."

Na kweli vilituliza. Jioni moja saa ya Elkana ikafika, ngozi ikanyamaza. Jedidah akangoja. Hakuna aliyemgusa. Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe amekufa, akalia.

Celestine akaona leso imelowa rangi ya chungwa, sufuria ikamponyoka. "Damu! Umemlilia damu! Deni limekwisha, tupa hizo dawa!"

"Ni rangi ya dawa, wifi. Hata mkojo uko hivyo. Nikuonyeshe?"

Lakini dawa aliziacha. Si kwa sababu ya Celestine. Nyumba ilikuwa tupu mno.

Wiki haikuisha, viganja vikaanza kuwasha tena.

"Umechelewa," Jedidah akanong'ona, karibu atabasamu.

Elkana hakuwa na huruma. Alimkuna mpaka shuka likashika damu, damu ya kweli safari hii. Asubuhi Jedidah akajitazama mikono, akachukua kidonge.

"Elkana, nenda sasa," akasema, akameza.

Akameza kesho yake pia, na keshokutwa, mpaka jioni ikaja ngozi yake ikiwa imepoa kabisa. Akaketi, viganja mapajani, vimetulia.

Nje, kitu kikaanza kuukuna mlango, taratibu.

Jedidah hakuinuka.