Pesheni Bila Nyuki

Mume alipoamua kusafisha shamba, mkewe alikuwa ameolewa miaka mingi na hajazaa. Pale nyumbani kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo mama mkwe akamtafutia na yeye lake. Akamwita Mama Nani. Mama Nani, leta maji. Mama Nani, kuku wameingia jikoni. Majirani wakalizoea jina hilo, na mwenyewe akawa anaitika.

Shamba lilikuwa la pesheni. Mimea ilitambaa juu ya waya, na waya zilishikwa na nguzo za miti mikavu alizochimbia marehemu baba mkwe. Nguzo zilikuwa zimezeeka, zina matundu ya kuingia kidole. Humo ndimo walimokaa wale nyuki weusi wakubwa, wanaovuma kama pikipiki iliyo mbali. Juu ya shamba kulikuwa na kichaka, na chini kijito chenye matete.

Mume akataka kuongeza mistari. Akakata kichaka, akafyeka matete mpaka kwenye maji, akang'oa nguzo zote na kusimika za chuma.

"Mume wangu, hizi za pembeni tuziache," mkewe alimwambia. "Nyuki wamo humu, na hao ndio wanaoingia kwenye maua."

Mume akamgeukia mama yake. "Umemsikia mkweo? Kakosa wa kulea, sasa analea wadudu."

Mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwache jamani. Angalau hao hawahitaji tumbo lake."

Mke akatumwa yeye mwenyewe alete mafuta ya taa. Nguzo zikawaka. Nyuki wakatoka pamoja na moshi, wengine mbawa zimeungua, wakawa wanatambaa chini na kuku wakiwadonoa mmoja mmoja.

Msimu ulipofika shamba lilipendeza kwelikweli. Lilikuwa jani tupu la kijani, na maua mpaka unashindwa kuyatazama. Yalifunguka mchana, jioni yakajifunga, asubuhi yakawa chini, bila tunda. Kesho yake hivyohivyo. Ndege waliokuwa wakilala kichakani hawakuonekana tena, na viwavi waliokuwa wakiliwa na ndege hao sasa walikula majani kwa raha zao.

"Nani alipanda hii miche?" mama mkwe aliuliza.

"Mimi, mama."

"Basi. Tumbo kavu, mkono mkavu. Mwanangu, mrudishe kwao kabla kuku nao hawajaacha kutaga."

Kwao alibaki kaka yake tu, na kaka mtu alishakipangisha chumba cha dada yake. Mume alijua. Akasema, "Maua yakiisha, ataondoka."

Mchana ule mke aliokota unyoya wa kuku, akaenda kwenye mstari wa mwisho. Akagusa vumbi la njano la ua moja, akalipaka kwenye ua lingine, kama alivyokuwa akiona nyuki wanavyofanya kwa migongo yao. Alifanya hivyo mpaka shingo ikakakamaa. Alirudi tena, na tena. Baada ya siku chache mstari ule ulikuwa umening'iniza matunda mabichi, magumu, ya kijani. Mistari mingine haikuwa na kitu.

Akamwita mume, na mama mkwe akafuata. Wakasimama wakatazama. Mke akangoja. Alidhani sasa watasema neno.

"Kumbe ni kazi ndogo hivi," mume alisema. "Basi ufanye shamba zima."

"Wewe ndiye nyuki wetu," mama mkwe akaongeza. "Kaa. Siku nyuki wenyewe wakirudi, na wewe utashika njia yako."

Hivyo ndivyo alivyobaki. Lakini kubaki kwenyewe! Matunda yalipouzwa mume alioa mwanamke mwingine, na huyo akapewa chumba chenye kitanda. Mke mkubwa akahamishiwa stoo, pamoja na majembe na bomba la dawa. Kila mchana maua yakifunguka alitoka na unyoya wake, mikono juu, jasho likimwingia machoni. Bi mdogo alikaa barazani na tumbo lake la miezi mingi, akiwaonyesha wageni.

"Yule? Yule ni wa maua. Dada, rudi hapo, umeacha moja."

Wageni walicheka. Mume alicheka zaidi yao wote.

Msimu uliofuata, mchana mmoja maua yakianza kufunguka, mke alikuwa anafagia mlangoni pa stoo akaona unga wa mbao umemwagika chini. Akainua macho. Kwenye boriti ya paa palikuwa na tundu jipya, la kuingia kidole. Akasikia mvumo. Nyuki mweusi, mkubwa, alitoka, akazunguka mara moja, akaelekea shambani. Kisha akarudi, miguu imejaa njano, akaingia ndani ya boriti.

Mke alisimama pale na ufagio mkononi. Barazani mama mkwe alikuwa anakohoa, anaamka.

Akaweka ufagio chini. Akaenda kwenye kijito, akachota udongo wa mfinyanzi konzi moja, akaukanda vizuri. Akapanda juu ya ndoo, akaziba lile tundu, akalikandamiza kwa dole gumba. Akaweka sikio kwenye boriti. Ndani kulikuwa na kuvuma, kukali kwanza, halafu kama mtu anayekwaruza.

"Mama Nani," mama mkwe aliita. "Maua yanakungoja."

"Naja, mama," aliitikia, akaongeza udongo mwingine.