Makombora ya Mtakatifu Yosefu

"Hivi Blandine, haya makombora kayaleta Mtakatifu Yosefu, au wameyaleta Wamarekani?"

Exilda Lachaîne aliuliza hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya mayai. Yeye na jirani yake Blandine Charette walikuwa wameshika ncha za shuka moja, wanaikunja. Ulikuwa mwezi Machi, katikati ya Kwaresima, na theluji ya kijiji chao cha Saint-Ildefonse, Kanada, ilikuwa imeanza kulowa kwa chini. Blandine akakunja shuka mpaka mwisho, akailaza juu ya nyingine, akasema maji ya kahawa yamechemka.

Exilda alikuwa na haki ya kuuliza, maana habari ya nadhiri aliijua tangu mwanzo. Mume wa Blandine, marehemu Ovila, aliangukiwa na jiwe ndani ya mgodi wa dhahabu huko kaskazini, na hata mwili haukurudi wote. Mwana wao wa pekee, Gratien, alipofikia umri wa kujitegemea alikwenda mgodi uleule, kwa kuwa kijijini hakukuwa na kazi ila ya kukata miti, nayo ni ya majira ya baridi tu. Krismasi moja akaja likizo anakohoa kama mzee. Usiku ule Blandine akapiga magoti, akaweka nadhiri: Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi, akimpatia mwanawe kazi karibu na nyumbani, yeye atakwenda Montreal na kupanda ngazi za kanisa lake kwa magoti, zote tisini na tisa, kila ngazi na sala yake.

Haikupita miezi minane, serikali ikaja kufyeka msitu ng'ambo ya ziwa na kujenga kambi ya jeshi la anga. Gratien akaandikwa ulinzi wa geti. Akawa analala kitandani mwake, anakula supu ya njegere ya mama yake, na kikohozi kikapungua. Blandine akamshukuru Mtakatifu wake, akawa anangoja tu goti la kulia lipone ili akaitimize nadhiri.

Kisha ikaja ile vuli ambayo Warusi walikutwa wameficha makombora yao kule Kuba. Gratien hakuonekana nyumbani siku sita. Watu walijaa kanisani kuungama, hata wale ambao Padri Desrochers alikuwa amekwisha sahau sura zao. Ndipo kijiji kizima kilipoambiana wazi kilichokuwa ng'ambo ya ziwa. Yalikuwa makombora ya Kimarekani, ya kuziangusha ndege za Warusi zikipita juu ya vichwa vyao kwenda kuipiga Marekani, na yalitengenezwa yabebe bomu la namna ile iliyoteketeza miji ya Japani.

Tangu siku hiyo nadhiri ilimkaa Blandine kooni kama mwiba wa samaki. Ikiwa ni Mtakatifu aliyemjibu, basi alimjibu kwa mabomu. Ikiwa siye, basi hadaiwi kitu. Lakini mbona mwana amerudi, yupo mezani, anaomba mkate? Alikwenda kwa Padri. Padri Desrochers, mzee mwema mwenye maradhi ya vidole vya miguu, alimwambia nadhiri ni nadhiri. Halafu akasugua kidole kwa muda mrefu, akasema pengine si vibaya angoje mpaka uchaguzi upite. Blandine alitoka pale akijiuliza ni lini watakatifu walianza kungoja matokeo ya kura.

Uchaguzi wenyewe ndio uliomaliza akili za watu. Serikali ilikuwa imeanguka kwa sababu ya mabomu hayohayo, na kura ilipangwa Jumatatu ya Juma Kuu. Exilda, ambaye redio yake haikuzimwa tangu alfajiri, alijaribu kumweleza. Chama cha buluu ndicho kilichokubali makombora kutoka kwa Wamarekani, na sasa kinakataa kuyatia vichwa vya bomu. Chama chekundu kilikuwa kinayapinga mabomu, na kiongozi wake ana tuzo ya amani, na sasa yeye ndiye anasema vichwa viletwe, ahadi ni ahadi.

"Aliyeyachukua hayataki, asiyeyataka anayachukua," Exilda alisema. "Na wote wawili wanatuambia sisi ni nchi ya kati, wapatanishi wa wakubwa. Mimi nina wana saba, Blandine. Wawili wakipigana, anayelala katikati ndiye anayeamka na jicho jeusi."

Kwa Blandine kulikuwa na fundo jingine. Mapadri wa enzi za babu zao walifundisha kwamba mbingu ni ya buluu na jehanamu ni nyekundu, na hakuna Charette aliyewahi kuwapa wekundu kura. Lakini Gratien alikuwa amemwambia, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba kambini wanasema buluu wakishinda, makombora yatakuwa mapambo na kambi itafungwa. Kambi ikifungwa, kazi hakuna. Kazi ikikosekana, ni kaskazini, kwenye mgodi. Kila alipolifikiria neno hilo, Blandine alisikia kile kikohozi.

Wiki moja kabla ya kura alimuuliza mwanawe kuna nini hasa ndani ya vitu vile. Gratien akasema ameapishwa, asimuulize. Akamuuliza tena Ijumaa, wakila mayai. Jumapili ya Matawi, baada ya Misa, akamuuliza mara ya tatu, safari hii akiwa ameshika mkono wake.

Gratien akatazama dirishani kwanza. "Mchanga, Mama."

"Mchanga gani?"

"Mchanga wa kawaida. Mahali pa bomu wameweka mifuko ya mchanga ili uzito uwe sawa. Wamarekani hawatoi vichwa mpaka sisi tukubali, na sisi hatujui kama tumekubali au tumekataa. Kwa hiyo nalinda mchanga. Nina bunduki na mbwa."

Blandine alitaka kucheka, akashindwa. Akauliza, Wakanada wakikubali, nini kitatokea. Gratien akasema vichwa vitaletwa, na Wamarekani watakuja na ufunguo wao, na Wakanada watakuwa na wa kwao, na lazima zote mbili zizungushwe pamoja. Blandine akauliza tena, na hili ndilo lililokuwa likimsumbua, yeye Gratien angependa mama yake ampe nani kura.

"Kura ni siri, Mama," akasema, akaondoa mkono wake taratibu.

Blandine aliyatafsiri maneno hayo jinsi mama anavyotafsiri. Alidhani mwanawe anaona haya kumwomba mama yake awape wekundu.

Jumatatu alisikiliza Misa ya asubuhi, akavuka barabara kwenda darasa la watoto wadogo, palipokuwa na sanduku la kura. Akasimama nyuma ya pazia na penseli. Alijaribu kusali, sala ikakatika katikati, kwa maana hakujua aombe nini: amani, au kazi, au mchanga ubaki mchanga na mtu aendelee kulipwa kwa kuulinda. Jambo hilo la mwisho ndilo alilolitaka kwa moyo wote, na ndilo ambalo hakuna chama kilichokuwa kinaliahidi. Msimamizi wa kura akakohoa nje ya pazia. Alikuwa anasafisha koo tu, maskini, lakini Blandine aliposikia kikohozi kile mkono wake ukashuka wenyewe, ukatia alama kwa wekundu. Alipotoka, alipita mbele ya kanisa bila kuinua macho.

Asubuhi ya Jumanne redio ilisema wekundu wamepata viti vingi kuliko wengine, ingawa si vya kuwatosha kutawala peke yao. Gratien alikaa mezani amevaa sare, mkate haujaguswa.

"Basi kazi yako ipo," Blandine alisema.

"Ipo."

"Na hufurahi?"

"Mama, wewe ulimpa nani?"

"Si ulisema ni siri?" Lakini uso wake haukujua kuficha kitu, haukuwahi kujua, na kijana akasoma humo kila neno.

"Wewe? Wekundu? Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ya kifua chako."

Gratien akakishika kikombe kwa mikono miwili, bila kunywa. Akasema taratibu kwamba mchanga aliuweza. Alikuwa anasimama pale getini na mbwa, anacheka peke yake. Lakini wakileta lile bomu lenyewe, hawezi, hata kwa mwezi mmoja. Amelijua hilo tangu zile siku sita za vuli, ila hakuwa na nguvu ya kuacha peke yake.

"Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniambie nisirudi pale," akasema. "Nilidhani ni wewe. Nilidhani hata ukifungwa kamba, huwezi kuwapa wale."

"Basi nakwambia sasa. Usirudi. Kaa hapa, tutakula kilichopo."

"Nikae nifanye nini, Mama? Hapa kazi ni ile tu."

Blandine alijua kazi nyingine iko wapi, hakutaka kulisikia jina la mahali hapo kutoka kinywani mwa mwanawe. "Kule mgodini ndiko kulikomchukua baba yako," akasema.

"Najua."

Akavua kitambulisho cha getini kilichoning'inia kifuani, akakiweka mezani kando ya mkate. Akaingia chumbani, akarudi na koti la baridi na mfuko aliokuwa amekwisha kuufunga. Blandine aliuona ulivyojaa, akajua haukufungwa asubuhi ile. Alitaka kumwambia kwamba kura ni moja tu, kwamba hata angewapa buluu mambo yangekuwa yaleyale. Hakuwa na hakika kama ni kweli, na pengine si hilo alilokuwa ameulizwa.

"Bado unakohoa," akasema.

Gratien akambusu kwenye paji la uso, akavaa kofia, akafungua mlango, akatoka, akashika njia ya kaskazini.