Fimbo ya Mwalimu Imebaki Melini

Mume wangu alifundisha jiografia maisha yake yote ya kazi. Volkano alikuwa akiichora ubaoni kwa chaki nyekundu, na madoa ya chaki anarudi nayo nyumbani shatini, kazi kwangu mimi fundi cherehani. Volkano yenyewe hakuwahi kuiona. Alipostaafu, watoto wakachanga wakatukatia tiketi ya meli inayozunguka visiwa vya mbali, visivyokaliwa na watu, vyenye milima inayofuka moshi na ndege wasiomwogopa binadamu. Nikasema haya, chumvi tumekula nyingi, twende basi tukaone inakotoka.

Tatizo likawa fimbo.

Ni ile aliyokuwa akielekezea ramani darasani. Siku hizi anatembelea nayo kwa sababu ya goti. Sasa, kushuka kisiwani unatoka kwenye ngazi ya meli unaingia boti ya mpira, na boti haitulii hata kidogo. Sharti lao ni mikono mitupu: baharia anakukamata kigasha, hapa chini ya kiwiko, si kiganja, nawe unamkamata vilevile. Mwenye kitu mkononi hashuki.

"Mzee, niachie hiyo fimbo," baharia alimwambia.

"Nimekuja nayo, naenda nayo."

"Basi utabaki nayo, mzee wangu."

Akabaki nayo. Kisiwa cha kwanza tulikitazama kwa darubini kutoka sitahani, sili, wale wanyama wanene wa baharini, wamejilaza mchangani kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka mzima. Nilinuna, sikumsemesha mpaka chakula cha jioni. Kisiwa cha pili, hadithi ile ile. Kisha kiongozi wa safari, dada mpole sana, akatangaza kwamba kesho ni kisiwa cha volkano, halafu meli inageuza kurudi nyumbani.

Tulipoingia chumbani, Mwalimu akaketi ukingoni mwa kitanda, fimbo mapajani.

"Nenda wewe, mama watoto. Utanisimulia."

"Nikusimulie nini? Mimi najua pindo na vifungo! Anayeililia volkano ni nani hapa?"

Akaipapasa fimbo. Aliposema tena, ilikuwa kwa sauti ndogo nisiyoizoea. "Nikiiacha nitashika nini? Nikianguka mbele ya watu, je?"

Hasira yote ikaniisha. Kumbe si ubishi, ni woga, na mimi nalala naye kitanda kimoja bila kuujua. Nilimhurumia, nikampenda upya.

"Utanishika mimi," nikasema.

"Hadharani?"

Msicheke. Huyu mtu barabarani hutangulia, mimi nafuata nyuma na kikapu. Nje ya nyumba hatujawahi kushikana mikono. Hata siku ya harusi yetu yeye alishika kofia.

Basi tukafanya mazoezi. Kitanda kikawa meli, zulia likawa boti. Mimi chini, yeye juu, nami namfokea, "Kigasha, Mwalimu, si kiganja!" Mhudumu akabisha hodi, akaingia na mataulo, akamkuta mzee wa watu amesimama kitandani na soksi, tumekamatana kama wapiganaji. "Samahani, nitarudi," akasema, akaufunga mlango taratibu. Tulicheka mpaka goti likasahau kuuma.

Asubuhi fimbo ikaachwa imeegemea ukuta. Mimi nikatangulia botini, baharia akaniruhusu nisimame ubavuni pake. Mwalimu pale ngazini, mikono mitupu. Boti ikashuka, ikapanda.

"Sasa, mzee!"

Akaja mzima mzima, akatua kifuani kwangu, nusura anivunje mbavu.

Mchanga wa kule ni mweusi, na vuguvugu lake unalisikia hadi ndani ya viatu. Katikati ya njia ndege mweupe alikuwa ameatamia yai lake, wala hakujisumbua kuinuka. Sisi ndio tuliompisha. Na mbele yetu mlima, mkubwa, unafuka moshi.

Nilingoja aniachie mkono, maana abiria wote walikuwa wanatutazama. Hakuniachia. Alikohoa, kile kikohozi chake cha kuanzia kipindi, akatazama huku na huku kutafuta cha kuelekezea. Kisha akauinua mkono ulionishika.

"Unaona pale juu, panapofuka? Ile ndiyo kreta."

Mkono wangu ukaenda nao mpaka kileleni.

"Naiona, Mwalimu."